Wasikilizaji Wasio na Masikio: Uchambuzi wa Kisa cha Michael Smith na Mirabaha ya Wanamuziki

Tarehe 4 Septemba 2024, waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani katika Wilaya ya Kusini ya New York waliweka hadharani hati ya mashtaka dhidi ya Michael Smith, mwanamuziki wa miaka 52 kutoka mji wa Cornelius katika jimbo la North Carolina. Makosa yalikuwa matatu: kula njama ya kufanya ulaghai kwa njia ya mawasiliano ya kielektroniki, kufanya ulaghai huo wenyewe, na kula njama ya kutakatisha fedha, na kila kosa lina adhabu ya juu ya kifungo cha miaka 20. Hati hiyo ilieleza kwamba kati ya mwaka 2017 na 2024 Smith alijipatia zaidi ya dola milioni 10 za mirabaha kutokana na nyimbo ambazo, kwa sehemu kubwa, zilitungwa na kompyuta, zikapandishwa kwenye majukwaa ya muziki, kisha zikasikilizwa na kompyuta nyingine mabilioni ya mara. Ninayoyaeleza hapa chini kuhusu mwenendo wake yametoka katika hati hiyo.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu muziki na akili mnemba huishia kwenye kunakili tu. Mwezi Juni 2024 kampuni kubwa tatu za muziki duniani, Universal, Sony na Warner, zilizishtaki Suno na Udio, kampuni za kutengeneza nyimbo kwa akili mnemba, kwa madai kwamba mitambo yao ilifundishwa kwa rekodi zenye hakimiliki bila ruhusa, na Novemba 2025 mahakama moja ya Munich iliipa ushindi GEMA, chama cha haki za watunzi cha Ujerumani, dhidi ya OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, kuhusu maneno ya nyimbo tisa. Hizo zilikuwa kesi nzito na ilikuwa haki zipiganwe. Lakini Smith hakushtakiwa kwa kuiba wimbo wa mtu. Hakuna sauti ya mwimbaji iliyoigwa wala ala ya mtunzi iliyochukuliwa, na hakuna shabiki aliyedanganywa kwamba anamsikiliza nyota anayempenda, kwa kuwa shabiki mwenyewe hakuwapo. Hata hivyo fedha za wanamuziki zilichukuliwa, tena kwa miaka saba. Mwanamuziki anayelinda nyimbo zake peke yake, asiangalie jinsi wasikilizaji wanavyohesabiwa, amelinda mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili.

Hesabu ya tarehe 20 Oktoba 2017

Siku hiyo Smith aliandika barua pepe yenye hesabu ambayo baadaye ilinukuliwa katika hati ya mashtaka, na inafaa isomwe polepole. Alikuwa na akaunti 52 za huduma za kompyuta za kukodi mtandaoni. Ndani ya kila moja aliweka akaunti 20 za wasikilizaji bandia, jumla 1,040. Alikadiria kwamba kila akaunti ingeweza kucheza nyimbo 636 kwa siku, yaani mara 661,440 kwa zote, na kwamba kila uchezaji ungelipa kwa wastani nusu senti ya dola. Hapo akapata dola 3,307.20 kwa siku, dola 99,216 kwa mwezi, na dola 1,207,128 kwa mwaka.

Nimeigawa siku ya saa 24 kwa nyimbo 636: ni wimbo mmoja kila baada ya dakika mbili na sekunde 16, usiku na mchana, bila kula wala kulala. Kwa kuwa majukwaa makubwa huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukishafika sekunde 30 hivi, hapakuwa hata na haja ya kuumaliza.

Akaunti hizo zilifunguliwa kwa majina na anwani za barua pepe za kubuni, zikalipiwa kwa kadi za benki zilizopatikana kwa wingi, na zikaendeshwa nyuma ya VPN, yaani programu za kuficha mahali kompyuta ilipo, ili zisionekane kuwa zote zinatoka nyumba moja. Kwa kuwa kufungua akaunti moja moja kungekuwa ghali, alitumia vifurushi vya familia. Majukwaa yaliyotajwa ni yale yale ambayo wasanii wetu wanahangaika kuingia: Spotify, Apple Music, Amazon Music na YouTube Music.

Kilichokuwa kimebaki ni nyimbo. Mwanzoni alitumia nyimbo zake mwenyewe, lakini nyimbo chache zikisikilizwa mamilioni ya mara bila kuchezwa redioni, bila tamasha na bila mtu kuzizungumzia, mfumo wa kukagua udanganyifu hushtuka. Aliwaandikia wenzake kwamba walihitaji nyimbo nyingi mno, tena upesi, ili kukwepa ukaguzi huo. Karibu mwaka 2018 akaanza kushirikiana na mkuu wa kampuni moja ya muziki wa akili mnemba pamoja na promota mmoja, na nyimbo zikaanza kumfikia kwa maelfu kila wiki. Katika barua pepe mojawapo mkuu huyo alimkumbusha kwamba wanachokitengeneza si “muziki”, bali ni “muziki wa papo kwa papo”.

Faili za nyimbo hizo zilikuja na majina ya herufi na tarakimu zilizochanganywa, jinsi kompyuta inavyojiandikia yenyewe. Yalipaswa kubadilishwa ili yafanane na kazi ya watu, na hapo ndipo hati ya mashtaka inapotoa orodha ambayo imenikaa kichwani tangu nilipoisoma. Nyimbo ziliitwa “Zygophyllum”, “Zygotic Washstands”, “Zyme Bedewing”. Wasanii waliitwa “Calm Baseball”, “Calm Knuckles”, “Callous Post”. Ukiyasoma kwa mfululizo unaona mara moja kwamba mtu, au programu, alikuwa akishuka na kurasa za kamusi ya Kiingereza kwa mpangilio wa alfabeti. Mwanamuziki yeyote anajua kazi iliyopo katika kulipatia wimbo jina, jinsi mtu anavyorudi mara tatu kwa produsa kusema jina lile la jana halifai. Hapa majina yalitolewa kama namba za foleni hospitalini.

Fedha hizo zilikuwa za nani

Watu wengi hudhani kwamba jukwaa la muziki lina bei maalumu kwa kila wimbo unaosikilizwa, na kwamba Smith alipodanganya alilidanganya jukwaa. Sivyo mfumo unavyofanya kazi. Ada za wateja wa nchi fulani, pamoja na mapato ya matangazo ya nchi hiyo, hukusanywa katika mfuko. Jukwaa hubaki na takribani theluthi moja. Theluthi mbili zinazosalia hugawanywa kwa wenye haki kulingana na sehemu ya kila mmoja katika jumla ya nyimbo zote zilizosikilizwa. Jukwaa halitoi senti moja zaidi kwa sababu roboti zimeongezeka. Kinachobadilika ni fungu la kila mtu.

Ni kama ngalawa inayogawa samaki kwa idadi ya watu waliovua, kisha mmoja wa wavuvi akapanga masanamu ya kufukuzia ndege pembeni ya chombo na kudai fungu la kila sanamu. Samaki hawajaongezeka, na mwenye ngalawa amepata sehemu yake ile ile. Wanaorudi nyumbani na kapu jepesi ni wavuvi wenzake. Ndiyo maana Damian Williams, aliyekuwa mwendesha mashtaka mkuu wa wilaya ile, alisema kwamba mamilioni hayo yalipaswa kuwafikia wanamuziki, watunzi na wenye haki wengine ambao nyimbo zao zilisikilizwa kihalali.

Hapa pia ndipo kisa cha North Carolina kinapogusa Tanga, Kisumu na Bukavu. Kwa kuwa mifuko hiyo hutengwa kwa nchi, mtu anaweza kusema kwamba fedha za Marekani hazimhusu mwimbaji wa taarab. Zinamhusu. Mtu wa Mombasa anayeishi Minneapolis, anayewasha simu jikoni na kusikiliza nyimbo za kwao anapokaanga samaki, analipa ada ya Marekani, na wimbo anaoucheza unagombea fungu katika mfuko wa Marekani. Ada za huko ni kubwa kuliko za kwetu mara kadhaa, kwa hiyo usikilizaji mmoja wa ndugu aliye ughaibuni huleta mrabaha mkubwa kuliko ule wa jirani aliye Magomeni. Mfuko huo ndio uliokuwa ukichotwa na “Calm Knuckles”.

Februari 2024 Smith aliandika kwamba nyimbo zake zilikuwa zimesikilizwa zaidi ya mara bilioni nne na kuingiza dola milioni 12 tangu 2019. Ukigawanya unapata chini kidogo ya theluthi moja ya senti kwa kila uchezaji. Msanii wetu wa kawaida angeiona nambari hiyo katika taarifa yake ya mwezi na kuifahamu mara moja.

Mwizi aliyevaa nguo za msanii mdogo

Sehemu ya kisa hiki inayonisumbua kuliko zote ni ile ya kutawanya. Wimbo mmoja ukisikilizwa mara bilioni moja kila mtu ataufuatilia, ila bilioni hiyo ikigawanywa kwa makumi ya maelfu ya nyimbo, kila wimbo unaonekana wa kawaida kabisa. Nimejaribu hesabu yangu mwenyewe kwa kutumia nambari zake za 2017. Uchezaji 661,440 wa siku moja ukisambazwa kwenye nyimbo 10,000, kila wimbo unapata takribani mara 66 kwa siku. Hiyo ndiyo nambari ya kijana wa Mbagala aliyetoa wimbo wake wa pili na anayesikilizwa na wanafunzi wenzake, binamu zake na watu wachache wa mtaani. Kwa maneno mengine, akili mnemba haikumsaidia Smith kutunga nyimbo nzuri, na wala hakuzihitaji ziwe nzuri. Ilimsaidia kufanana na maelfu ya wanamuziki wadogo kwa wakati mmoja, ajifiche katikati yao na kula fungu lao.

Tangu mwanzo wa 2024 Spotify hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia, na moja ya sababu zilizotolewa ni kuwavunja nguvu wanaopandisha nyimbo za takataka. Jaribu kuipima kanuni hiyo kwa kisa chetu. Mara 66 kwa siku ni zaidi ya mara 24,000 kwa mwaka. Hata kama Smith angetawanya uchezaji wake kwa nyimbo 100,000, kila mmoja ungepata zaidi ya mara 2,400 kwa mwaka na kuvuka kizingiti bila shida, kwa sababu mwenye roboti huamua mwenyewe wimbo upi ufike wapi. Asiyeweza kuamua ni mwimbaji wa kwaya ya parokia ambaye wimbo wake umesikilizwa mara 700 na watu 700 wa kweli. Kizingiti hicho kinaweza kuzuia walaghai wavivu, lakini kwa mlaghai anayejua kuzidisha na kugawanya hakina maana, na gharama yake inabebwa na mwaminifu.

Hali imeendelea kuwa ngumu tangu wakati huo. Mwaka 2018 Smith alihitaji kampuni nzima nyuma yake ili apate maelfu ya nyimbo kwa wiki. Leo mtu mwenye simu anazipata. Deezer, jukwaa la Ufaransa ambalo limekuwa wazi kuliko mengine kutoa takwimu zake, lilisema Januari 2025 kwamba lilikuwa likipokea nyimbo 10,000 kwa siku zilizotengenezwa kikamilifu na akili mnemba. Kufikia Novemba mwaka huo zilikuwa 50,000 kwa siku, takribani asilimia 34 ya nyimbo zote zilizokuwa zikipandishwa. Nyimbo hizo zilikuwa na sehemu ndogo sana ya usikilizaji, karibu nusu ya asilimia moja, na jukwaa hilo lilikadiria kwamba hadi asilimia 70 ya usikilizaji huo ulikuwa wa udanganyifu. Asilimia hizo mbili zikiwekwa pamoja zinafundisha jambo moja waziwazi: nyimbo nyingi za aina hii hazipandishwi ili watu wazisikilize. Zinapandishwa kwa sababu kanuni ya kugawa fedha inawalipa hata wasikilizaji wasio na masikio.

Kanuni ya kugawa ndiyo yenye ufa

Rudi kwenye hesabu ya Oktoba 2017. Dola 99,216 za mwezi ukizigawa kwa akaunti 1,040, kila akaunti ilitarajiwa kuleta dola 95 hivi kwa mwezi. Wakati ule kifurushi cha familia nchini Marekani kiliuzwa takribani dola 15 kwa mwezi na kubeba hadi watu sita, ambayo ni dola mbili na nusu kwa kila akaunti. Unalipa dola mbili na nusu, unavuna 95. Mfumo ambao mteja anaweza kuchukua kutoka katika mfuko mara 38 ya alichotia, kwa kucheza tu muziki bila kulala, ulikuwa ukimngoja mtu kama Smith, na kama asingekuwa yeye angekuwa mwingine.

Ipo njia nyingine ya kugawa. Ada ya kila mteja hugawanywa kwa wasanii ambao mteja huyo mwenyewe aliwasikiliza, na si kwa jumla ya watu wote. Aliyesikiliza taarab mwezi mzima, ada yake huenda kwa wenye taarab. Jukwaa la SoundCloud lilianza kuitumia kwa wasanii wake wa kujitegemea mwaka 2021. Chini ya kanuni hiyo, akaunti iliyolipiwa dola mbili na nusu haiwezi kutoa zaidi ya dola mbili na nusu hata ikicheza nyimbo milioni moja, na jukwaa likishakata theluthi yake mlaghai anapata hasara kila mwezi. Haiwi tiba ya kila kitu: mwizi anaweza kuteka akaunti za watu wa kweli na kuchezesha nyimbo zake humo, na ili ibadilishwe kote lazima kampuni kubwa zinazomiliki rekodi nyingi zikubali. Lakini katika mapendekezo yote niliyoyaona, hili ndilo pekee linaloondoa faida ya wizi wenyewe. Mengine yote ni ya kumkimbiza mwizi baada ya kutoka na mali. Ningependa vyama vya wanamuziki vya Tanzania, Kenya na Uganda vilibebe jambo hili kwa pamoja kila vinapokaa na majukwaa, kwa sababu msikilizaji wa Kiswahili ni mwaminifu kwa wasanii wake, na uaminifu huo kwa sasa haulipwi.

Aliyesimamisha malipo

Mwezi Machi na Aprili 2023, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mashtaka, shirika linaloitwa Mechanical Licensing Collective, kwa kifupi MLC, lilisimamisha malipo ya Smith na kumtaka ajieleze. Yeye na wawakilishi wake walikana kwamba kuna udanganyifu wowote. Shirika halikurudisha malipo.

MLC liliundwa kutokana na sheria ya muziki ya Marekani ya 2018 na likaanza kazi kamili Januari 2021. Kazi yake ni kukusanya na kulipa mirabaha ya watunzi wa nyimbo, tofauti na mirabaha ya rekodi, kutoka kwa majukwaa ya Marekani. Halina mashine ya ajabu. Lina takwimu za majukwaa yote mahali pamoja, kwa hiyo lilikuwa katika nafasi ya kuona kile ambacho jukwaa moja moja halikioni, yaani mtunzi mmoja mwenye lundo la nyimbo zisizojulikana anayelipwa na majukwaa kadhaa kwa pamoja. Spotify kwa upande wake ilieleza kwamba katika zile dola milioni 10, zilizotoka kwake ni kama dola 60,000 tu, na ikachukua hilo kuwa ushahidi kwamba ukaguzi wake ulifanya kazi. Hata kama ni hivyo, fedha nyingine zilitoka kwingine, na kila jukwaa lilikuwa likitazama kona yake.

Kuna jambo jingine kuhusu MLC ambalo wasomaji wanaotunga nyimbo wanapaswa kulijua. Februari 2021 majukwaa yalilikabidhi shirika hilo takribani dola milioni 424 za mirabaha ya miaka ya nyuma ambayo haikuweza kulipwa kwa kuwa watunzi wa nyimbo husika hawakutambulika: nyimbo hazikuandikishwa, au majina yaliandikwa vibaya, au hakuna aliyesema nani alitunga na kwa asilimia ngapi. Mtunzi wa nchi yoyote anaweza kujiunga na MLC, na kujiunga ni bure. Smith alilijua hilo. Nyimbo zake za kamusi ziliandikishwa, kila moja ikiwa na mwenyewe wa kulipwa, huku watunzi wenye jasho lao wakikosa kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna daftari. Sioni aibu kusema kwamba jambo hili linaniumiza. Kampuni za kusambaza nyimbo ambazo wasanii wetu wanazitumia hushughulikia rekodi, na wengi hudhani kazi imeisha hapo. Upande wa utunzi hubaki wazi kwa miaka.

Kuhusu swali kama nyimbo za aina hii zinastahili hakimiliki hata kidogo, sheria hazisemi kitu kimoja. Marekani imeshikilia kwamba mtunzi lazima awe binadamu, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington ilithibitisha msimamo huo katika kesi ya Stephen Thaler, aliyetaka mashine yake itambuliwe kuwa ndiyo iliyochora picha. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ambayo asili yake ni 2001, ina tafsiri iliyoandikwa kabla ya haya yote: katika kazi iliyozalishwa na kompyuta, mtunzi ni yule aliyefanya maandalizi yaliyohitajika ili kazi ipatikane. Ikisomwa kama ilivyo, mtu anayebonyeza kitufe na kupata nyimbo elfu kwa wiki anaweza kudai kwamba yeye ndiye mtunzi wa zote. Naamini tafsiri hiyo irekebishwe kabla mtu hajaitumia mahakamani. COSOTA nayo, ambayo siku hizi ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania huku ukusanyaji wa mirabaha ukiachiwa mashirika ya wasanii, ingefanya vyema kumtaka kila anayesajili wimbo aseme wazi ni sehemu gani imetungwa na mtu na ipi na mashine. Tamko la uongo lingekuwa kosa lenye anwani.

Upande wa pili wa ukaguzi

Baada ya kisa cha Smith majukwaa yamekaza kamba. Spotify ilitangaza Septemba 2025 kwamba ilikuwa imeondoa nyimbo za takataka zaidi ya milioni 75 katika mwaka mmoja. Deezer inaweka alama kwenye nyimbo za akili mnemba na kuziondoa katika mapendekezo yake. Mara usikilizaji bandia unapogunduliwa, Spotify humtoza faini msambazaji, na wasambazaji wengi huishusha faini hiyo kwa msanii. Ni hatua zinazohitajika, lakini nimeona zinavyomfika mtu ambaye hakutenda kosa.

Dada mmoja anayeimba Tanga, ambaye namfahamu tangu akiwa anaitikia katika kikundi cha harusi, alitoa wimbo wake mwenyewe baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu. Mpwa wake, kwa nia njema kabisa, alimlipa kijana mmoja wa mtandaoni aliyeahidi kuuingiza wimbo katika pleilisti zenye wasikilizaji wengi. Wiki ya pili nambari zilipanda ghafla, nyumba nzima ikafurahi, shangazi akapika pilau. Wiki ya nne wimbo ukatoweka kwenye majukwaa yote. Barua pepe iliyofika ilikuwa ya mistari mitatu kwa Kiingereza: usikilizaji bandia umegunduliwa, wimbo umeondolewa, mirabaha imezuiwa. Alinipigia simu akiuliza, “Kaka, bandia ni mimi?”

Tulikaa pamoja barazani kwake tukaifungua taarifa yake ya malipo kwenye simu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu tofauti, mara kwa “h”, mara bila, mara jina la baba likitangulia. Mstari wa mtunzi ulikuwa mtupu. Pleilisti iliyokuwa imempa karibu usikilizaji wote wa wiki ile ilikuwa na nyimbo nyingine zaidi ya mia mbili za wasanii ambao hakuna mmoja wetu aliyewahi kuwasikia. Nadhani naelewa ilikuwa ya kazi gani: roboti zinazochezesha nyimbo za mwenyewe huchanganyiwa na chache za watu wa kweli, ili zionekane kuwa na maisha. Wimbo wa dada yule ulikuwa kinyago cha kujifichia.

Tuliandika barua ya kukata rufaa, tukaambatanisha risiti ya studio, picha za siku ya kurekodi na maelezo ya mpwa wake. Jibu lilikuja baada ya dakika chache, jambo lililonionyesha kwamba hakuna mtu aliyeisoma. Mkataba wake na msambazaji, alioukubali kwa kubonyeza mara moja kwenye simu, unataja haki ya kuondoa wimbo katika vifungu vinne na hautaji popote haki ya msanii kusikilizwa na binadamu. Kifungu hicho ndicho ambacho ningevitaka vyama vyetu vya wanamuziki vikidai kabla ya kingine chochote: anayetuhumiwa kwa usikilizaji bandia apewe takwimu zinazomtuhumu, apewe siku za kujieleza, na maelezo yake yasomwe na mtu.

Jioni ile tulimjazia fomu ya kuandikisha utunzi, jina likiandikwa kwa namna moja, maneno na sauti vikiwa vyake kwa asilimia 100. Wimbo wenyewe bado haujarudi.